Caravan ya Kisongo, pangaboi au jeti ya KIA: usukani ukigoma, ipi ina nafuu?

Mtu wa Arusha anayetaka kwenda Zanzibar kwa ndege ana milango miwili. Mmoja ni uwanja mdogo wa Kisongo, barabara ya Dodoma, ambako vindege vya Cessna Caravan vinajipanga asubuhi kubeba watalii na wenyeji. Wa pili ni KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, pale katikati ya Arusha na Moshi, ambako utapanda pangaboi kama ATR au Q400 au, ratiba ikikubali, jeti ya Airbus A220. Mtu wa Moshi hesabu yake ni nyepesi kidogo maana KIA ni jirani, lakini naye akitaka kwenda Seronera, mbugani Serengeti, atajikuta ndani ya kindege kilekile.

Sisi tunaowakatia watu tiketi tunaulizwa bei kwanza, mzigo pili. La tatu linakuja kwa sauti ya chini. "Mwanangu, na hicho kidude kikikatika usukani huko juu?" aliniuliza mama mmoja wa Machame aliyekuwa anakwenda Unguja kwenye harusi ya mjukuu wake. Nikamwambia, "Mama, inategemea usukani wenyewe umefungwa na nini." Hakuridhika, na ana haki. Jibu refu ndilo hili.

Mkono wa rubani unafikaje mkiani

Ndege yoyote inaongozwa na vibao vichache vinavyocheza. Viwili viko mwishoni mwa mabawa, vinailaza ndege kushoto au kulia. Mkiani kuna cha kulala kinachopandisha na kushusha pua, na kingine kilichosimama kinachoisukuma pua pembeni. Hivi ndivyo watu wanavyomaanisha wakisema usukani wa ndege. Ndege zetu tatu zote zinavyo; zinatofautiana kwenye kitu kilichopo kati ya mkono wa rubani na kibao.

Kwenye Caravan kilichopo ni kebo za chuma zinazopita juu ya puli hadi mkiani na mabawani. Rubani akivuta, kebo inavuta, kibao kinanyanyuka. Hakuna mafuta ya presha wala kompyuta kwenye njia hiyo. Nguvu yote ni ya misuli ya rubani.

Pangaboi za KIA ni mchanganyiko. ATR bado ni ndege ya kebo kwa sehemu kubwa, mkiani na mabawani, isipokuwa vibao vya juu ya bawa vinavyosaidia kuilaza ndege. Hivyo vinasukumwa na haidroliki. Q400 imekwenda mbele zaidi: vibao vyote vya mkiani ni vya haidroliki, vya mwishoni mwa mabawa ndivyo vilivyobaki kwa kebo. Haidroliki ni kazi ileile inayofanywa na lori la tipa likimwaga moramu: dereva anasogeza kijiti tu, mafuta yenye presha ndiyo yanayonyanyua bodi.

A220 haina kebo ya kuvuta kibao. Rubani ana kijiti pembeni ya kiti chake, kijiti kinatuma umeme kwenye kompyuta, kompyuta inaamua kibao kisogee kiasi gani, kisha haidroliki inakisogeza. Kwa hiyo jeti ya kisasa ina mafuta na kompyuta kwa pamoja. Wengi wanadhani kompyuta imeyafukuza mafuta. Haikuyafukuza, imekaa mbele yake tu.

Kebo: inaonekana kwa macho, lakini ni moja

Uzuri wa kebo ni kwamba haina siri. Fika Kisongo mapema, simama kwenye kivuli cha jengo la abiria, mwangalie rubani wa Caravan kabla ya safari. Anaizunguka ndege nzima. Anashika kibao cha bawa kwa mkono, anakipandisha na kukishusha, anasikiliza kama kinakwaruza. Anachomoa vifungio vyenye utepe mwekundu vinavyozuia vibao visipigwe na upepo usiku. Akishaketi anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, anausukuma, anauvuta. Ukikaa dirishani nyuma ya bawa unaweza kumkagua na wewe: usukani ukienda kushoto, kibao cha bawa la kushoto lazima kipande na cha kulia kishuke. Ni ukaguzi wa sekunde chache, na katika ndege ndogo abiria anauona wote bila kuambiwa na mtu.

Ubaya wake ni kwamba kebo ikikatika, njia hiyo imekwisha. Agosti 9, 2007, Twin Otter, ndege ndogo yenye injini mbili ya aina inayotua kwenye viwanja vya vumbi kama vya kwetu, iliruka kutoka kisiwa cha Moorea kwenda Tahiti. Rubani alipokuwa anarudisha vibao vya kuongezea unyanyuko baada ya kuruka, kebo ya kibao cha mkiani, iliyokuwa imelika nyuzi baada ya nyuzi, ilikatika. Ndege ilikuwa chini mno, pua ikainama, ikaingia baharini. Walikuwa 20 ndani, hakupona mtu. Kebo ile haikukatika kwa dhoruba wala kwa kosa la rubani. Ilikuwa imelika polepole mahali ambapo jicho la fundi lilipaswa kufika.

Kisa cha pili kinamhusu abiria mwenyewe, ndiyo maana ninakipenda kukisimulia mtu anaponipunja kilo za begi. Januari 8, 2003, Beech 1900 ilianguka mara tu baada ya kuruka Charlotte, Marekani, watu 21 wakafa. Mafundi walikuwa wamefanya kazi kwenye kebo za kibao cha mkiani wakakosea kuzikaza, hivyo rubani hakuweza kuishusha pua kwa kiwango kamili. Lakini kebo peke yake haikuiangusha ile ndege. Ilikuwa imebeba uzito kupita kiasi na mzigo umeelemea mkia, wakati hesabu za makaratasi, kwa kutumia uzito wa wastani wa abiria, zilionyesha mambo ni sawa. Baada ya hapo Marekani ilipandisha uzito wa wastani unaotumika kwa abiria na mizigo. Kwa hiyo mhudumu wa Kisongo anapokuuliza una kilo ngapi, au anapong'ang'ania begi laini la kilo 15, usimchukulie kama mtu wa kukuaibisha. Ndege ya watu kumi na wachache, kila mwili ni hesabu.

Haidroliki: njia nyingi, lakini zikipita pamoja zinakatika pamoja

Ndege kubwa haiwezi kuongozwa kwa misuli, kwa hiyo inapewa mifumo miwili, mitatu au minne ya haidroliki, kila mmoja na mafuta yake. Ukivuja mmoja, mingine inaendelea. Mantiki ni nzuri na kwa kawaida inafanya kazi bila abiria kujua.

Dunia ilijifunza udhaifu wake Julai 19, 1989. DC-10 ya United, safari namba 232 kutoka Denver kwenda Chicago, injini yake ya mkiani ilipasuka ikiwa angani, na vipande vikakata mabomba ya mifumo yote mitatu mahali yalipokaribiana. Usukani ukawa pambo. Kapteni Al Haynes na wenzake, pamoja na mkufunzi Dennis Fitch aliyekuwa anasafiri kama abiria, wakaanza kuiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili zilizobaki: kushoto ikiongezwa ndege inakwenda kulia, zote zikiongezwa pua inapanda. Walihangaika nayo kwa dakika takriban 44 hadi uwanja wa Sioux City. Ilitua kwa kasi mno, ikavunjika na kuwaka. Kati ya watu 296 walikufa 112, na 184 wakatoka hai. Baadaye DC-10 ziliwekewa vizuizi vinavyofunga mafuta yasiishe yote bomba likikatika nyuma.

Miaka minne kabla, Agosti 12, 1985, Boeing 747 ya Japan Airlines kutoka Tokyo kwenda Osaka ilipoteza sehemu kubwa ya mkia uliosimama pamoja na mifumo yote minne ya haidroliki. Chanzo kilikuwa ukuta wa presha wa nyuma, uliotengenezwa vibaya baada ya mkia kugusa barabara ya kurukia mwaka 1978. Miaka saba lile kosa lilisafiri na abiria. Marubani waliielea na ile ndege kama nusu saa kabla ya kugonga mlima. Kati ya watu 524 walipona wanne tu.

Tena Novemba 22, 2003, Airbus A300 ya mizigo ya DHL ilipigwa kombora ikitoka Baghdad. Bawa la kushoto linawaka, haidroliki yote imekwisha, na watu watatu waliokuwa ndani, marubani wawili na mhandisi wao, wakarudi na kutua kwa kutumia injini peke yake. Wote watatu walitoka salama. Hawakuwa na mtu wa kuwafundisha siku hiyo, ila walikuwa na mafuta ya kutosha, injini mbili nzima na muda wa kujaribu.

Pangaboi zetu ziko wapi kwenye hadithi hizi? Q400 ikipoteza haidroliki bado ina kebo za mabawani. ATR ikipoteza haidroliki inapoteza kidogo tu upande wa kuongozea. Zote mbili zina mpango wa kugawana: kibao kimoja kikikwama, marubani wanaweza kuutenganisha usukani wa kushoto na wa kulia, mmoja akabaki na nusu inayotii. Binafsi nauona ndio ubunifu mzuri kuliko yote kwenye ndege za daraja hili.

Lakini na wenyewe una kisa. Februari 20, 2014, ATR 72 ikishuka kuelekea Sydney, Australia, kapteni na msaidizi wake walijikuta wanavuta usukani kwa pande tofauti kwa wakati mmoja: mmoja anainua pua, mwingine anaisukuma. Usukani ukatengana, kama ulivyosanifiwa kutengana, lakini nguvu zilizopita mkiani sekunde ile ziliumiza muundo wa mkia. Mhudumu mmoja alivunjika mguu. Ndege ikatua, mafundi wakaikagua, ikarudishwa kazini, ikaruka safari 13 zaidi kabla mtu hajagundua kuwa mkia umeharibika. Safari kumi na tatu na mkia mbovu, abiria wakila karanga.

ATR pia ina historia ya barafu. Oktoba 31, 1994, ATR 72 moja ilizungushwa angani karibu na Roselawn, Indiana, barafu ilipojikusanya kwenye bawa mpaka vibao vya mabawani vikavutwa vyenyewe na hewa na kumzidi rubani nguvu. Watu 68 walikufa. Baada ya hapo mipira ya kuvunja barafu kwenye mabawa ilipanuliwa na taratibu zikabadilishwa. Kwetu watu hucheka ukitaja barafu, ila wanasahau kuwa ule weupe wa Kibo uko futi elfu kumi na tisa, na pangaboi inapita huko huko juu.

Kompyuta: inakataa makosa ya rubani, inaamini makosa ya kipimo

Kompyuta inamzuia rubani asiinue pua kupita kiasi au kuilaza ndege kupita kiasi. Hilo limeokoa wengi ambao majina yao hayataandikwa popote kwa kuwa hakuna kilichotokea. Shida inakuja kompyuta inapodanganywa.

Oktoba 7, 2008, Airbus A330 ya Qantas ikiwa imetulia juu ya bahari karibu na Australia Magharibi, kifaa kimoja cha kupima mwelekeo wa hewa na ndege kilianza kutoa namba za uongo. Kompyuta ikaamini kwamba pua imeinuka mno, ikaisukuma chini ghafla, mara mbili. Wasiofunga mikanda walirushwa hadi darini. Zaidi ya watu 100 waliumia, hakufa mtu, na ndege ikatua Learmonth. Tangu nisome kisa hicho sifungui mkanda hata taa ikizimwa, na nawaambia wateja vivyo hivyo, ingawa wanaona namaliza maneno tu.

Kisa kilichotugusa zaidi ni cha Machi 10, 2019. Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian, shirika ambalo ndege zake zinatua KIA, ilianguka dakika sita baada ya kuondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu 157. Miezi mitano nyuma, Oktoba 29, 2018, nyingine kama hiyo ya Lion Air ilikuwa imeingia baharini Indonesia na watu 189. Hapa tuwe waangalifu: MAX si ndege ya kijiti na kompyuta kama A220. Ina kebo na haidroliki kama 737 za zamani, ila iliongezewa programu iliyosukuma pua chini yenyewe kwa kufuata kipimo kimoja tu. Kipimo kikikosea, programu inasukuma, rubani anavuta, programu inasukuma tena. Marubani wa Ethiopian walizima umeme wa mfumo huo, wakajaribu kuirekebisha pua kwa gurudumu la mkono, lakini kwa kasi waliyokuwa nayo gurudumu lilikuwa zito halizunguki. Ndege hizo zilisimamishwa duniani kote, na ziliporudi programu ilikuwa imebadilishwa: sasa inalinganisha vipimo viwili na haimng'ang'anii rubani. Air Tanzania nayo ina MAX 9. Akiniuliza mtu kama nitaipanda, ndiyo, naipanda, kwa sababu hakuna mfumo wa ndege uliochunguzwa kwa hasira kama ule.

Kosa moja, ndege mbili

Ukitaka kupima kebo na waya ubavu kwa ubavu, kuna visa viwili vinavyofanana kama mapacha.

Machi 20, 2001, Airbus A320 ya Lufthansa iliruka Frankfurt ikitoka karakanani. Fundi alikuwa amerekebisha plagi na nyaya mbili zikabadilishana. Kapteni alipolaza kijiti upande mmoja, ndege ikalala upande wa pili, bawa likakaribia kugusa ardhi. Msaidizi wake akachukua kijiti chake, ambacho nyaya zake zilikuwa nzima, akabonyeza kitufe cha kumpokonya mwenzake, mambo yakatulia. Wakarudi wakatua.

Novemba 11, 2018, Embraer 190 ya Air Astana iliondoka Alverca, Ureno, ikitoka pia kwenye matengenezo makubwa. Vibao vyake vya mabawani ni vya kebo, na kebo hizo zilikuwa zimefungwa kinyume. Hapa hapakuwa na kijiti cha pili cha kukimbilia, maana usukani wote wawili ulivuta kebo zilezile zilizogeuzwa. Watu sita waliokuwa ndani walirushwa huku na kule ndani ya mawingu, marubani wakafikiria hadi kuitua baharini. Walianza kuimudu polepole baada ya kuelewa kwamba kushoto ni kulia, ndege za kivita za Ureno zikawasindikiza, na baada ya majaribio mawili kushindikana walitua Beja. Wote sita wakashuka hai, lakini ndege haikufaa tena kuruka.

Kwenye mizani hii waya unashinda, kwa sababu kila rubani alikuwa na njia yake. Lakini angalia mwanzo wa visa vyote viwili: karakana. Na katika vyote viwili kuna ukaguzi kabla ya kuruka ambao ungeonyesha kibao kinakwenda upande usio wake, nao ulipita bila mtu kuona. Ongeza na MD-83 ya Alaska Airlines iliyozama Pasifiki Januari 31, 2000, na watu 88, kwa sababu parafujo kubwa ya mkiani haikupakwa grisi ya kutosha mpaka meno ya nati yake yakalika. Grisi! Kebo, mafuta au kompyuta, fundi ndiye anayekutana na wote.

Urefu na mwendo

Jambo moja halitajwi sana. Usukani ukiharibika, unachohitaji ni muda, na muda angani ni futi. Sioux City walikuwa futi elfu thelathini na kitu, wakapata robo tatu ya saa ya kujaribu. Moorea walikuwa futi mia chache, hawakupata hata dakika. Kwa hesabu hiyo jeti na pangaboi, zinazotumia muda mwingi juu, zina akiba ambayo Caravan haina.

Lakini Caravan ina akiba ya aina nyingine, nayo ni upole. Inaweza kukaribia ardhi kwa mwendo wa kilomita mia na kidogo kwa saa, na haihitaji lami. Tambarare la Umasaini linatosha. Jeti inakuja kwa zaidi ya mara mbili ya hapo hata siku njema. Ile DC-10 ya Sioux City iligusa ardhi ikiwa na kasi inayokaribia kilomita 400 kwa saa kwa sababu haikuweza kupunguza. Ajali ya ndege ndogo inayotua polepole na ajali ya ndege kubwa inayotua kwa kasi si ajali moja.

Kwa hiyo ukate ipi

Niseme kwanza kilichoziangusha ndege huku kwetu. Novemba 15, 2017, Caravan iliyokuwa inakwenda Seronera iligonga mlima karibu na kreta ya Empakai, watu 11 wakafa. Novemba 6, 2022, ATR iliingia Ziwa Victoria ikikaribia Bukoba kwenye hali mbaya ya hewa, wakafa 19 kati ya 43. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo usukani wake ulikatika. Mlima, wingu na uamuzi wa kushuka ndivyo vinavyoua hapa. Anayechagua ndege kwa kuangalia kebo peke yake anachunga mlango wakati mwizi yuko dirishani.

Kwa safari ya Zanzibar au Dar, msafiri akiwa mzee au mwenye wasiwasi, mimi nampeleka KIA na ninamtafutia pangaboi au A220, yoyote iliyo na nafasi. Sababu yangu kubwa ni kwamba hapo marubani wawili ni lazima, wakati Caravan inaruhusiwa kisheria kuendeshwa na mmoja. Ukisoma visa vyote nilivyotaja ambavyo watu walitoka hai, utakuta mtu wa pili, wakati mwingine wa tatu na wa nne, aliyekuwa na mikono huru. Sababu ya pili ni zile njia za ziada za usukani. Kati ya pangaboi na jeti kwa suala hili sioni tofauti ya kumfanya mtu alipe zaidi. Jeti itakuwahisha na itakupandisha juu ya mawingu mengi zaidi, basi. Gharama yake halisi ni teksi ya kutoka Arusha mjini hadi KIA, ambayo mtu wa Moshi haimsumbui sana.

Ukiwa kijana, begi lako dogo, unaishi Arusha mjini na ndege ni ya asubuhi kabla Meru haijajifunika, Kisongo hakuna ubaya. Uliza wakati wa kukata: ndege hii inarushwa na marubani wangapi? Kampuni nyingi huweka wawili hata kama sheria haiwalazimishi, hasa wageni wanapodai, na ukiambiwa mmoja una haki ya kutafuta kwingine. Usiulize kama ndege ni salama, kila mtu atajibu ndiyo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndege ya mchana ya kindege nisingemkatia ndugu yangu kama ya asubuhi ipo.

Kwa Seronera, Ndutu na viwanja vya mbugani ulinganisho unakufa, kwa kuwa A220 haitui kwenye changarawe. Hapo unachagua kati ya Caravan na gari la siku nzima kupitia Karatu na Ngorongoro, na barabara nayo ina makaburi yake. Chukua ndege ya asubuhi, taja kilo zako za kweli, keti dirishani nyuma ya bawa.

Na kwa tiketi ya KIA, soma ile karatasi vizuri. Kuna alama fupi ya herufi na tarakimu, au tarakimu tupu, ya aina ya ndege: AT7 ni ATR 72, DH4 ni Q400, 223 ni A220-300. Kampuni inaweza kubadilisha ndege hadi siku ya safari, hivyo kama umelipia jeti kwa ajili ya mama, piga simu jana yake jioni.